Mkokoteni Uliokamatwa kwa Huruma Isiyo na Kibali

Fauzia Chirau wa Gredi ya Tisa hakuwa na kibali. Hakuwa na mgeni rasmi, wala hema, wala vipaza sauti, wala bango lenye picha ya mkubwa yeyote anayetabasamu. Hakuwa na kamati. Hakuwa hata na kamati ndogo. Alichokuwa nacho ni huruma tupu, na huruma tupu, kama nitakavyoeleza, ni hatari kubwa kwa utawala bora.

Mimi ni Katibu wa Ofisi ya Uratibu wa Huruma, Tawi la Msambweni. Cheo hiki sikupewa kwa undugu. Nilisoma ngumbaru nikiwa tayari nina wajukuu, nikafaulu, na hadi leo kila Jumapili hujifunza neno moja jipya la Kiswahili sanifu. La juma lile lilikuwa "mchakato".

Ofisi yetu ilifunguliwa ili wanafunzi wanaochangia wahitaji wafanye hivyo kwa mpangilio. Zamani mtoto aliweza kumhurumia mtu popote, saa yoyote, bila kumjulisha mkubwa wake. Hali hiyo haikuweza kuachwa iendelee.

Mambo yalianza Mzee Mwero alipovunjika mguu. Mwero huuza maji kwa mkokoteni. Hujaza mitungi kisimani na kuisukuma nyumba kwa nyumba. Mfereji upo mtaani kwetu, tena mpya. Ni maji tu ambayo hayajafika. Mwero asiposukuma, kwake hakupikwi, na mkewe, Bi Maimuna, alikuwa ameshaanza kuazima unga kwa jirani.

Wauza maji wana ada yao: nyumba za mgonjwa, yaani za wateja wake, haziingiliwi. Mtu akiusukuma mkokoteni wa mgonjwa kwa niaba yake, ni sawa. Lakini kuwapelekea wateja wake maji kwa mkokoteni mwingine, hakuna anayethubutu. Ada hiyo sijaiona imeandikwa popote, kwa hiyo Ofisi haikuitambua.

Fauzia na wenzake wakaenda kuuomba mkokoteni. Kila jioni baada ya masomo waliusukuma, wawili mbele, watatu nyuma, na walichopata wakampa Bi Maimuna. Hawakumwalika mtu. Hawakupiga picha. Nilipowasimamisha njiani, Fauzia aliniamkia vizuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mna ruhusa ya kuhurumia?"

"Ya nani, babu?"

"Ya Ofisi."

"Tuliomba ya Mzee Mwero. Mguu ni wake."

Jibu lilikuwa na adabu zote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nikalifikisha kwa Mratibu, Bwana Lewis Jefwa, kiongozi mwenye maono. Alifumba macho kwa muda mrefu. Nilipokohoa, akayafumbua.

"Mkokoteni uzuiliwe mpaka mchakato ukamilike," alisema. "Jumamosi tufanye hafla. Mgeni rasmi atoke Kwale. Mwero akae mbele, mguu uonekane."

"Na wanafunzi?"

"Waimbe."

Mkokoteni ukafungwa mnyororo nyuma ya ofisi, kando ya tangi letu. Fauzia akaja mbio.

"Babu, na mpaka Jumamosi Mzee Mwero atakula nini?"

Nikamweleza kwa upole kwamba chakula chake kimo katika awamu ya pili.

"Ya kwanza ni ipi?"

"Hema."

Jumamosi hema lilisimama, zuri sana. Viti vilioshwa vikang'aa, na cha mbele kilimngoja Mwero, ambaye alikuwa bado hajaletwa kutoka kwake. Mchele wa biriani ulikuwa umechaguliwa, nyama imekatwa, ndipo Biasha, mpishi wetu, alipotoka jikoni na sufuria tupu mkononi.

"Katibu, tangi limekauka. Maji yote mmeoshea viti."

Kwa bahati Swabir, muuza maji mwenye mdomo, alikuwa akipita na mitungi imejaa.

"Swabir, ingiza maji hapa!" aliita Bwana Jefwa.

"Hapo siingii. Hiyo ni nyumba ya Mwero."

"Hii ni Ofisi!"

"Nani huwaletea maji? Si Mwero? Basi ni nyumba yake, na yeye mgonjwa."

"Nitakulipa mara mbili."

"Nilipe mara kumi unijengee na ghorofa. Kesho nikivunjika mie, nani atanichungia nyumba zangu? Sukumeni mkokoteni wake. Si huo hapo mmeufunga kama mbuzi?"

Wauza maji wengine walisema yaleyale, kwa maneno ambayo si sanifu.

Bwana Jefwa akavua koti. Akafungua mnyororo, akashika mikono ya mkokoteni na kuusukuma kwa mamlaka. Mkokoteni haukuongozeka kwa mamlaka. Ulikwenda kombo, ukagonga nguzo, na hema likainama kama linalosalimia wakubwa. Wakati huohuo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: mgeni rasmi amefika Gazi, ana kiu, na angependa kutawadha kabla ya kula.

Wanafunzi walikuwa wamepanga safu, tayari kuimba.

"Fauzia, mwanangu," Bwana Jefwa alisema, jasho likimtoka, "hebu nendeni kisimani mara moja."

"Tungependa, Bwana Mratibu. Lakini kibali hutoka baada ya hotuba."

"Nakutolea sasa hivi!"

"Na mhitaji huomba kwa maandishi."

Hapo ilinibidi nikubali. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

"Mhitaji ni nani hapa?" Bwana Jefwa aliuliza.

"Mwenye mchele mkavu!" Biasha alijibu kutoka jikoni.

Fauzia hakucheka. "Muandikieni mwenye nyumba, bwana. Mzee Mwero. Akiwahurumia, sisi tutasukuma. Lakini mkokoteni urudi kwake leo, usifungwe tena, na biriani ikiiva, sinia la kwanza liende kwa Bi Maimuna. Wameshinda njaa tangu jana."

Bwana Jefwa alinitazama. Mimi nilitazama kalamu.

Nikaandika: "Ofisi hii inapitia changamoto ya muda katika upatikanaji wa kimiminika." Fauzia akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Babu, andika shida yenyewe."

Nikaandika upya: "Mzee Mwero, hatuna maji. Mkokoteni wako tuliuchukua, na kwako hakukupikwa. Tunaomba radhi. Tunaomba utuhurumie." Sijawahi kuandika barua fupi kiasi hicho. Bwana Jefwa akatia sahihi huku akipumua kwa nguvu. Nikailamba bahasha, nikalamba tena, maana mdomo ulikuwa umekauka kama tangi. Ilipoganda nikapiga muhuri wa Ofisi juu yake na kuiweka katikati ya mkokoteni.

Bwana Jefwa akausukuma mwenyewe kuelekea kwa Mzee Mwero, Fauzia ubavuni mwake akimwambia, "Inama kidogo, bwana, usiubane." Kwenye kona walikutana na gari la mgeni rasmi. Dereva alipiga honi. Mkokoteni, ambao hauna breki wala cheo, haukusimama. Gari likapanda ukingoni mwa barabara, likatulia, na barua ikapita.