Waya za Fina na Huruma Yangu

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Tumerudi kutoka misheni. Miguu imevimba. Moyo nao.

Bruda Anselmi, yule Mzungu wa meno, amezirudisha waya za mwanangu Fina mahali pake kwa mara ya pili. Ni pete za chuma kwenye meno, na waya unapita juu yake, unayavuta meno yaliyotangulia mbele yarudi yakae na wenzake. Kazi safi. Ila alinigombeza. Kwa Kiha! Kiha kizuri kuliko changu. Kugombezwa na Mzungu kwa lugha ya mama yako mzazi, hapana pa kujificha. Alisema pipi marufuku, bigijii marufuku, mahindi ya kuchoma marufuku, mua marufuku. Akasema waya zikivunjika tena atazing'oa zote kwa koleo, na nafasi atampa mtoto mwingine, maana wanaongoja ni wengi na waya zinatoka Ulaya.

Fina akanigeukia. Alinitazama tu. Maana bigijii iliyovunja waya nilimnunulia mimi. Alikuwa amefanya vizuri hesabu. Ningempongeza na nini? Na jiwe?

Mwanangu huyu, kabla ya waya, alikuwa akicheka mkono uko mdomoni. Wenzake walimwita Ngiri. Akaacha kunyoosha kidole darasani hata jibu akilijua. Meno hayo kayatoa kwangu, mimi nilikwisha kuyazoea, lakini yeye bado mdogo. Waya zikitoka safari hii, basi tena, atakuwa Ngiri mpaka uzeeni.

Mwalimu Leonidasi wa kisomo cha watu wazima anatuambia tuandike nyumbani, herufi zisitukimbie. Haya, herufi, shuhudieni. Kitu kitamu hakitatoka tena mkononi mwangu kuingia kinywani mwa Fina. Naapa.

Jumanne, 6 Septemba

Nimeanza na adui. Adui ni Bi Kuruthumu, jirani mwenye duka. Chupa zake za pipi kaziweka pale mbele, nyekundu, kijani, njano, hata mtu mzima anapotea.

Nilimwendea kwa adabu. Nikamwomba asimuuzie Fina chochote cha kutafuna. Akajibu kwamba duka si msikiti, yeye hatoi hotuba, anatoa bidhaa. Kisha akauliza, mbele ya wateja, ni nani aliyekuja kununua bigijii ile siku ile, Fina au mama Fina?

Wateja wakacheka. Akaendelea. Akasema mtoto wangu nimemzungushia seng'enge mdomoni kama shamba la Mzungu, sasa nataka yeye ndiye awe mlinzi!

Nilirudi nyumbani. Majibu mazuri yalinijia nilipokuwa natwanga. Yamechelewa.

Alhamisi, 8 Septemba

Fina hali. Uji tu. Maharage yaliyopondwa. Uji tena. Mashavu yameshuka, shingo imekuwa ndefu kama ya korongo. Waya mmoja unamchoma shavu kwa ndani. Bruda alimpa kipande kidogo cha nta, cheupe, cha kubandika pale penye ncha ili isichome. Kimekwisha.

Ninamkagua mdomo kila baada ya chakula. Baba Fina, yaani Bazilio, fundi cherehani wangu, anasema namfungua mtoto midomo kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Nikamwambia ashone suruali za watu.

Leo nilimtuma Fina mafuta ya taa kwa Bi Kuruthumu. Karudi na mafuta na bigijii. Chenji hakuna, kapewa bigijii! Hivyo ndivyo wanavyofanya, sarafu wanazificha wapi sijui. Nikatoka kama moto wa majani. Nikazirudisha bigijii juu ya meza yake. Akasema bidhaa ikitoka hairudi, labda nisubiri sarafu ziote na mvua za Oktoba.

Nikazificha bigijii chini ya unga, kwenye chungu, Fina asizione.

Baadaye mchana nilipitia kuona kama bado zipo. Nilikuwa na mawazo mengi. Nikazitafuna mimi.

Fina alirudi kutoka shule akaja kunisalimu karibu. Akanusa pumzi yangu. Akarudi nyuma. Akaenda kuchota maji. Yesu na Maria! Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimepata wazo. Usingizi ulikataa, wazo likaja.

Kile alichompa Bruda ni nta. Nta! Sisi watu wa Kibondo tufundishwe nta? Kaka yangu Havyarimana ana mizinga ya nyuki porini, miti yote inamjua. Nimemtumia salamu kwa dereva wa lori: aniletee nta, safi, ni dawa ya Fina.

Shavu la mtoto litapona bila kwenda kumsumbua Bruda. Na nimetimiza kiapo. Nta si pipi.

Jumapili, 11 Septemba

Asubuhi. Nta imefika! Kaka ana moyo. Debe zima, na hakukamua. Masega yenyewe, asali imejaa kila tundu, inachuruzika. Nyumba nzima inanukia maua ya porini.

Nilifikiri kidogo. Bruda alikataza pipi. Asali hakuitaja. Nilikuwapo, nina masikio. Na asali tunapaka hata watoto wachanga wenye vidonda mdomoni. Ni dawa juu ya dawa.

Nikakata kipande kama punje ya harage. Nikabandika kwenye ncha ya waya. Fina akafumba macho. Akatabasamu. Tangu lini sijaliona tabasamu hilo! Kipande kikalainika, kikateleza, akaumeza utamu, akabaki na nta anaizungusha kwa ulimi. Nikakata kingine. Kikubwa kidogo, kisiteleze. Kingine tena. Mashavu yake yakawa yanakwenda kama ya mbuzi. Nikamsikia anaimba!

Bazilio akasimamisha cherehani. Akauliza kama hivyo ndivyo Bruda alivyosema. Nikamjibu kwamba yeye ajuacho ni pindo, midomo aniachie mimi. Akasema sawa, mama daktari.

Jioni. Yoo, mama wee!

Fina alikuja jikoni kafumba kiganja. Akakifungua. Ndani, pete mbili za chuma zimelala kwenye nta iliyotafunwa. Waya umechomoza nje ya mdomo kama ndevu ya kambare.

Ile nta! Inanata kuliko bigijii mara nyingi. Niliijua. Tangu utoto naitafuna, naijua inavyong'ang'ania jino. Niliijua na bado nilikata kipande kingine.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimejaribu uzi wa Bazilio, ule wa kushonea makoti. Nimefunga pete kwenye jino, fundo zuri. Amekunywa uji, fundo limekwenda na uji. Nimejaribu utomvu wa mti, ametapika. Nimejaribu sala.

Nikasema angalau tutafute wa kumtupia lawama. Nikamwambia Fina kama mtu akiuliza, aseme ni bigijii za chenji za Bi Kuruthumu.

Fina amerudisha mkono mdomoni, kama zamani. Akasema nyuma ya mkono, pole pole, na kwa heshima zote, kwamba si Bi Kuruthumu aliyezivunja, mama.

Akaenda kulala bila kula. Nikakaa na debe la asali miguuni. Kuna siku mtu anatamani angekuwa mkali. Mama mkali watoto wake wana meno.

Jumatano, 14 Septemba

Misheni. Naandika nikiwa nimechoka mwili na roho.

Nilikuwa nimejipanga. Kwanza, kanga mpya. Pili, maneno: Fina alianguka kisimani, akagonga taya kwenye ndoo. Tatu, zawadi, maana mtu haendi mikono mitupu kwa mtu anayemhitaji. Nikajaza bakuli masega mazuri ya Kibondo, nikafunika na jani la mgomba.

Bruda alifurahi kuona zawadi. Akaisifu, akanusa, akaiweka dirishani. Nikaeleza habari za kisima. Nilieleza vizuri, mpaka mimi mwenyewe nikaiona ndoo.

Kisha akamfungua Fina mdomo. Akatazama. Akachukua kijisindano, akachokonoa nyuma ya jino, akatoa kitu cha njano. Akakipeleka dirishani. Akakiweka kando ya zawadi yangu. Akatazama kimoja, akatazama kingine. Akaniuliza kwa Kiha, taratibu kabisa, kama hicho kisima kina nyuki.

Nilitamani sakafu ipasuke.

Akachukua koleo. Hakugomba safari hii, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema anasikitika, lakini neno lake ni neno, kuna mtoto wa Rungwe Mpya anangoja. Nikaanza kulia na kumwahidi Bruda mambo mengi, hata kuku niliye naye mmoja.

Hapo Fina akaushika mkono wa Bruda wenye koleo. Akausogeza kando, na mkono wake mwenyewe hakuurudisha mdomoni. Waya unaning'inia, meno yote nje, hakuyaficha! Akasema wazi wazi, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake, "Bruda, usinitoe waya. Nitoe kwa mama."

Bruda akateremsha koleo.

Akaeleza kwamba mama yake ni mtu mzuri sana, na hilo ndilo tatizo. Kwamba mama akimwona anameza mate tu, tayari keshakata kipande. Akaomba akae bweni la wasichana kwa masista mpaka meno yatulie, asome shule ya hapo, asije nyumbani hata sikukuu.

Bruda akanitazama mimi. Nikasema nini? Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

Akarudishiwa pete zake. Mimi nikarudi nyumbani Kasulu peke yangu, nimekumbatia bakuli la asali. Bruda amelikataa.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimepika uji wa Fina asubuhi. Fina hayupo. Bazilio akaunywa, akasema mzuri, kisha akatazama pembeni.

Bi Kuruthumu alikuja mwenyewe, baibui begani, akaketi. Nilingoja kejeli. Hakuniletea kejeli, aliniletea pole. Akasema mwanawe wa kwanza alimpeleka Ujiji kwa bibi yake kusoma Kurani, yeye mwenyewe akakaa wiki hajui mkono wa kulia wala wa kushoto. Tukalia kidogo. Nikampa asali.

Alipotoka akasema basi angalau sasa watoto wa mtaa huu watanunua pipi zake bila kesi. Ndivyo alivyo!

Jumapili, 25 Septemba

Nimeruhusiwa kumwona baada ya misa. Masharti ya Bruda: mama Fina asimpe Fina chochote cha kula. Chochote. Mlangoni Sista Odilia, mwembamba, mpole, alinipekua kikapu, akaniomba radhi, akapekua na pindo la kanga, akaniomba radhi tena.

Fina alikuja mbio. Kanenepa! Kwa maharage ya masista yasiyo na chumvi! Akacheka mdomo wazi, vyuma vyote vinawaka juani. Alisema juzi mwalimu aliuliza swali, akanyoosha kidole. Akajibu. Hakuna aliyemwita Ngiri. Nilimshika mashavu, nikalia, akanifuta na mkono uleule wa kufichia mdomo. Nilijua hapo kwamba mwanangu alifanya sawa kunikimbia. Nimeandika ili nisisahau. Ninajuta, na nimekoma. Nimekoma kabisa.

Wakati wa kuondoka nilizungumza na Sista Odilia. Mtu mwema. Kumbe kwao ni Kibondo, jirani na kwa kaka! Akaniambia kitu anachokikumbuka cha nyumbani ni karanga zilizokaangwa na sukari.

Maskini, mtoto wa watu. Hana mama karibu.

Nimerudi moja kwa moja dukani kwa Bi Kuruthumu, nikamwomba sukari ya akiba, ile anayoificha. Akauliza ya nani. Nikasema ya Sista. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Sielewi anacheka nini.

Karanga ziko jikoni, zinapoa. Ni za Sista Odilia, nitamkabidhi yeye mwenyewe mkononi Jumapili ijayo. Yeye hana waya. Nimekaanga nyingi kidogo kwa sababu anakula meza moja na wasichana, na si vizuri mtu kula mbele ya watoto bila kuwagawia.