Chisense ya tantine Mado mbele ya maprofesa

Leo nimeaibika mchana kweupe, na aibu yenyewe nimeifikisha mpaka Lubumbashi kwa video.

Mnajua nina shahada ya uzamili ya fizikia tumizi. Siku tunahitimu tuliambiwa njia ni nyingi: maabara, migodi, mionzi ya hospitali, hali ya hewa, au kuendelea hadi uzamivu. Huu ni mwaka wa pili natafuta kazi. Migodi ilitaka mhandisi. Hospitali ilitaka mtu aliyesomea mionzi yenyewe. Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, njia iliyofunguka ni moja tu: watu kuniletea redio zilizokufa. (Nne nimezifufua. Ya mchungaji nimeizika.)

Basi maabara moja ya Lubumbashi ikatangaza nafasi ya mtafiti wa kukausha chakula kwa jua. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nikatengeneza kikaushio: sanduku la mbao, ndani rangi nyeusi, juu plastiki angavu, chini na nyuma matundu ya hewa. Usaili ukapangwa leo saa tano asubuhi, nami nikachagua kusimama ufukweni kando ya sanduku langu. (Nilitaka ziwa lionekane nyuma yangu. Majivuno tu.)

Samaki nilipewa na tantine Mado, dada ya baba, ambaye ninaishi kwake. Anauza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Alinipa beseni zima.

"Sifa, hii njo ya kupeleka soko ya Mansa kesho, unasikia? Usiichezee."

Asubuhi upepo ukawa unarusha mchanga. Nikaona samaki wataonekana wachafu kwenye kamera. Nikachukua utepe wa gundi, nikaziba matundu. Yote. Mtu mwenye shahada mbili.

Saa tano wakatokea kwenye simu maprofesa wawili, mwanamume na mwanamke. Nikaeleza kwa Kifaransa changu cha sherehe: joto, unyevu, mzunguko wa hewa. Huo mzunguko wa hewa niliusifia dakika nzima. Profesa mwanamke akasema nifungue sanduku waone.

Nikafungua. Mvuke ukanipanda usoni, kamera ikaingia ukungu. Nilipoifuta, wote watatu tukaona: chisense hawajakauka. Wameiva. Laini kabisa, tayari kwa bukari, ugali wetu.

Tantine, aliyekuwa akigeuza samaki wake hapo jirani, akaja kuchungulia.

"Sifa, umenipikia samaki?"

"Tantine, tafazali, niko na ba profesa."

"Basi baone." Akachukua simu, akainamisha kichwa kwa heshima. "Jambo papa, jambo mama. Jua peke yake haikaushake samaki. Jua inatoa maji mu samaki, mupepo njo inabeba. Uyu mutoto amefungia mupepo inje. Sasa maji ingepita wapi?"

Halafu profesa mwanamume akaacha Kifaransa. "Mama, hii kazi unaifanya tangu wakati gani?"

"Tangu niko mutoto."

"Na wakati ya mvula, unafanyaka namna gani?"

Wakaongea dakika ishirini. Mimi nilirudishiwa simu ili niishike tu. Mkono uliniuma. Na roho iliniuma pia, sitawadanganya, maana niliona kazi yangu inaondoka na ule mvuke.

Saa nane ujumbe ukaingia. Nimeitwa usaili wa pili wiki ijayo, kwa masharti mawili: matundu yawe wazi, na yule mama wa samaki awepo, kwa sababu maswali mengi yatakuwa ya kumuuliza yeye.

Nikamsomea tantine. Mwenye beseni lililoharibika alikuwa ameshaisahau Mansa. Aliuliza tu avae kitenge gani.

Sasa hivi tunakula bukari na matokeo ya utafiti wangu. Atakayecheka, redio yake ikifa aizike mwenyewe.