Huzuni ya Mita Nne

Jumatatu, 7 Oktoba

Chumba cha juu, upande wa kaskazini, kiko wazi! Mzee Anghel, aliyekuwa akichora humo, amestaafu, kahamia kwa bintiye. Madirisha mapana, mwanga usiobadilika tangu asubuhi hadi jioni. Mimi miaka sita nachora kwenye ghala la chini, taa moja ya manjano. Juzi nilichora bahari. Nilipoitoa nje, zambarau tupu! Nisipopata chumba hiki nimekwisha.

Madamu Veturia, mwenyekiti wa chama chetu cha wachoraji, katoa sharti. Jumamosi ni maonyesho. Atakaa na saa mkononi. Picha itakayowashika watazamaji muda mrefu zaidi, mwenyewe apewe chumba. Wagombea ni wawili: mimi na Smaranda Oltean.

Smaranda! Picha zake zinaingia mfukoni. Nimelala kwa raha.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimewamba turubai la mita nne kwa tatu. Mtu akisimama mbele yake ajione sisimizi. Jina: Huzuni ya Dunia Nzima. Rangi naibandika kwa mwiko wa fundi mwashi, mafuta ya kitani ya kulainisha rangi namimina kwa kikombe. Ndiyo ufundi huo!

Smaranda kachungulia mlangoni. Kaniambia eti kaka Lucrețiu, rangi nene namna hiyo itakauka mwakani. Wivu, basi. Nikamwambia achunge yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeitazama Huzuni yangu robo saa. Nikasikia njaa.

Nikaenda kwa Shangazi Aglaia kuomba mtungi wa hrean, ule mzizi mkali tunaokula na nyama. Yeye huukuna madirisha yakiwa wazi na bado hulia kama kafiwa. Akauliza nimenunua nyama gani. Nikamjibu ni kwa ajili ya sanaa. Akashusha pumzi, akasema mwanangu, tafuta mke.

Mtungi nimeuficha nyuma ya turubai, mdomo wazi. Kesho watalia, watake wasitake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Balaa! Balaa tupu!

Ukumbi ulijaa. Watu wakainua macho, wakasema loo. Lakini picha ya mita nne huioni yote ukiwa karibu. Wakarudi nyuma. Wakarudi tena. Migongo ikagonga ukuta wa upande wa pili, wakageuka, na hapo ukutani ni picha ya Smaranda, kubwa kama kiganja. Kikombe dirishani, kiti kitupu kando. Wakainama waione vizuri. Wakaganda hapo hapo!

Ndipo hrean ikawafikia. Bibi mmoja akatoa leso. Jitu lenye sharubu likalia kwa kwikwi. Madamu Veturia, machozi yakimtiririka, akaandika: mbele ya picha ya Smaranda, watu wanalia.

Nikarudi nyuma, nikaegemea kazi yangu. Loo! Koti langu la sherehe likanasa kwenye rangi. Nilisimama pale dakika arobaini hadi wakanibandua. Madamu akatangaza, mbele za watu, kwamba mtazamaji aliyekaa na picha yangu kuliko wote ni mimi mwenyewe, tena nimeipa mgongo.

Jumapili, 13 Oktoba

Chumba kapewa Smaranda.

Nimerudi kuchukua mtungi. Ukumbi mtupu. Madamu aliutupa jana ile ile na kufungua madirisha. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikaisogelea ile picha ya kikombe. Chai imebaki nusu. Mto wa kiti bado umebonyea. Mtu katoka sasa hivi, na unajua kabisa hatarudi. Nikamkumbuka mama. Nimelia sana. Ni hrean tu ile, hukaa kwenye pazia.

Smaranda kanikuta hivyo. Kasema kaka, njoo tuchore wote huko juu, mwanga unatutosha. Mtego! Anataka kuniiba ufundi. Nimekataa papo hapo.

Sasa niko ghalani, chini ya taa yangu. Kosa nimeshaliona: picha ilikuwa ndogo mno. Ingefunika kuta zote nne, Smaranda angetundika wapi yake? Nimeanza kuwamba ya mita ishirini. Shangazi nimemwagiza mitungi mitatu.