Mama Anakuja Kumwona Mfalme

Alhamisi, 12 Septemba

Mama amepiga simu kutoka Nebraska. Anakuja Jumapili ya tarehe 22 na basi la kanisa. Wamama thelathini na mmoja pamoja na mchungaji wao. Watalala njiani. Tiketi za kundi wameshakata. Wanakuja kumwona mfalme.

Mfalme ni mimi. Yaani, kwa habari alizo nazo Mama.

Nieleze, maana daftari hili halisomwi na mtu. Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi katika Maonyesho ya Enzi za Wafalme, huku mashambani Wisconsin. Watu wazima wanavaa ngozi na kofia za manyoya, wanatafuna mapaja ya bata mzinga kwa mikono na kuitana kwa vyeo vya miaka mia tano iliyopita. Kazi yangu ni kuingiza kichwa kwenye tundu la ubao na kuwatukana wapita njia. Aliyetukanwa ananunua nyanya tatu kwa Dorinda, dola tano, ananirushia usoni. Mwaka wa kwanza Mama aliniuliza nacheza kama nani. Nikasema mfalme. Lilinitoka tu. Tangu hapo kila Krismasi ananipa soksi zenye taji.

Lakini Mungu yupo. Leo hii mfalme wetu, mzee Ostrander, ametangaza kwamba anaenda kubadilishwa goti. Kiti kiko wazi. Bi Haskett, mwenye maonyesho, atachagua mfalme mpya Jumamosi ya tarehe 21, wageni wakishaondoka. Kesho yake basi linafika.

Siku tisa. Wapo waliopata ufalme kwa muda mfupi zaidi.

Ijumaa, 13 Septemba

Kuna mwingine anautaka. Garrick Tunley. Anafundisha maigizo shule ya sekondari, huku anacheza kama diwani wa mji. Anaongea kama mtangazaji wa London, ingawa kwao ni kilomita ishirini kutoka hapa. Ana joho lake mwenyewe. Ana hata ndevu zake mwenyewe.

Masharti ya Bi Haskett: kila mwombaji aje na upanga wake. Nikaenda kwa Lonnie, muuza mapanga. Nikaonyesha mmoja wa kawaida kabisa. Dola mia sita na arobaini. Nikauliza kama ni wa dhahabu. Akasema ameufua kwa mikono yake, milimani, mwezi mchanga ukiwa juu. Nikamkumbusha kwamba juzi nilimwona akishusha katoni hamsini kutoka kwenye lori, zina stika za forodha.

"Zile ni dawa ya meno," akasema.

"Katoni hamsini?"

"Verlyn, ndugu yangu, mimi meno yangu nayatunza. Na hapa hununui chuma. Unanunua historia."

Tumeafikiana hivi: ananiazima upanga kwa wiki moja, nami kesho, siku nzima, ninadi duka lake kutoka kwenye tundu langu. Nimemshinda akili. Upanga bure.

Jumamosi, 14 Septemba

Kumtukana mtu na kumuuzia kitu kwa pumzi moja ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nilianza na jamaa mmoja mwenye kaptula. Nikamuuliza miguu hiyo kaiazima kwa korongo gani, amrudishie, na akishamrudishia apite kwa Lonnie kwenye mapanga ya kisasa kwa bei nafuu. Akasimama akitafakari. Hakununua nyanya, hakununua upanga. Alinipa pole.

Hadi saa nane mauzo yalikuwa yameshuka nusu. Dorinda akaja mbele, mikono kiunoni. Akasema leo natukana kama mhudumu wa benki, kama sina mpango wa kukasirisha watu nimwambie mapema akauze limau.

Saa tisa akapita Bi Haskett mwenyewe. Nafasi yangu. Nikatoa sauti ya kifalme, nzito, nikamwambia kwamba nchi inahitaji mkono imara. Akanitazama kwa muda mrefu. Nikajua amenielewa.

Akasema nina nyanya sikioni.

Jumapili, 15 Septemba

Nimebadili mbinu. Siwezi kumshinda Tunley kwa sauti, nitamshinda kwa sheria.

Wageni hawajui maisha yetu ya nyuma ya uzio. Geti linafungwa saa moja jioni, na kufika saa moja na robo malkia ameshavaa kandambili anaugua mgongo. Watawa wanacheza karata na wanaibiana. Mashujaa wawili waliouana mchana mbele ya watu elfu mbili wanabishana nani ameunguza soseji. Yule mtawa wa pangoni aliyeukimbia ulimwengu ana trela kubwa kuliko wote, na televisheni mbili. Yote hayo ruksa. Marufuku ni moja tu: vazi la kifalme halivuki uzio kuja kambini. Mwaka jana mtu alimwagia joho haradali, na hadi leo hajulikani. Atakayekamatwa anafukuzwa.

Nikajiuliza: ni nani kambini mwenye hamu ya kuvaa joho la mfalme kuliko wote, ukiniondoa mimi? Tunley.

Nikajificha nyuma ya marobota ya nyasi karibu na zizi la farasi, simu mkononi. Mbu wa Wisconsin hawana dini. Baada ya nusu saa nikasikia sauti. Kuna birika refu la chuma la kunyweshea farasi, na mtu alikuwa amewasha moto chini yake akajilaza kwenye maji ya moto kama yuko hotelini. Taji kichwani. Joho limetandazwa ukingoni. Soseji mkononi, haradali inadondoka. Alikuwa anampandisha farasi mmoja cheo cha gavana na kumwonya kuhusu rushwa.

Nikapiga picha. Mwanga wa simu ukawaka hadi kwenye miti.

Hakuwa Tunley. Alikuwa Bi Haskett.

Akauliza nani yuko huko. Nikajibu kwa sauti ya kifalme kwamba ni mlinzi. Akasema, "Verlyn, hatuna mlinzi."

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeitwa ofisini. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Nikaingia, nikakaa bila kukaribishwa, nikasema kuna picha fulani, na picha kama hizo huwa zina bahati mbaya ya kuonekana, isipokuwa kama mwenye nayo ana shughuli nyingi, kwa mfano shughuli za ufalme.

Bi Haskett akanyoosha mkono. Akaomba kuiona.

Nikaifungua simu kwa mara ya kwanza tangu jana. Ilikuwa picha ya kidole gumba changu. Kimetoka vizuri sana, hata kovu linaonekana.

Tukaitazama wote wawili. Akasema atafanya kama hajasikia chochote, kwa sababu amemwajiri mtu anayejua kutukana na watu hao ni adimu. Akasema usaili wa Jumamosi ni wa wazi, mbele ya wafanyakazi wote, hata mimi naruhusiwa. Kila mwombaji atampiga mtu bega kwa upanga kumfanya shujaa. Atakayefanya vizuri ndiye mfalme.

Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba yule farasi anastahili cheo. Nikakubali. Ni farasi mwenye busara.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika haya nikiwa nimejifungia ndani ya trela.

Tunley alianza. Alimfanya shujaa yule mwokaji mikate. Taratibu, bega la kulia, bega la kushoto, maneno machache. Mwokaji akalia. Malkia akalia. Nami nikafuta macho, lakini ilikuwa vumbi.

Zamu yangu. Dorinda alikubali kupiga magoti mbele yangu, kwa sharti kwamba nisimwite kijakazi. Nikauinua upanga wa Lonnie juu kabisa ili watu wa nyuma wauone. Nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Nikaushusha kwa nguvu ya mtu anayestahili nchi.

Nikabaki na mpini.

Bapa lilichomoka, likapaa juu ya malkia, likaingia katikati ya ngoma kubwa ya wapiga ngoma. Ngoma ikatoa sauti moja, pu, ikanyamaza. Dorinda, macho bado kayafumba, akauliza kama tayari ameshakuwa shujaa au asubiri.

Nikamfuata Lonnie na mpini wangu. Hakuona haya hata kidogo.

"Nani kakwambia uutumie?" akasema. "Upanga ni wa kutundika ukutani."

"Ulisema umeufua mwenyewe milimani."

"Nilisema nimeufua. Sikusema nimeumaliza."

Mfalme ni Tunley. Alikuja kugonga mlango wa trela akiwa na mikate miwili. Nikamwambia nimelala. Akasema sawa, ameiacha kwenye ngazi. Mikate ilikuwa mizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho basi. Nimempigia Mama kumwambia kuna mafuriko. Akaniambia wamelala kwenye moteli ya njiani, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa, na anga ni jeupe.

Jumapili, 22 Septemba

Mpango wa leo ulikuwa huu. Basi linafika saa nane mchana. Saa saba na nusu natoka kwenye tundu, nanawa, Tunley ananiazima taji na joho kwa dakika kumi. Ndiyo, nilimwomba. Nilimwendea alfajiri nikamweleza kila kitu. Nilitegemea acheke. Akasema mama yake mwenyewe hajawahi kuja hata mara moja, anaona ni upuuzi. Akasema nichukue dakika ishirini.

Basi lilifika saa tano asubuhi. Mchungaji anaendesha kwa fujo.

Nilikuwa tunduni, nyanya kichwani, namuuliza bwana mmoja tumbo lake lilipitaje getini kwa tiketi moja. Bwana akasogea pembeni. Nyuma yake kasimama Mama, mkoba kifuani, miwani yake ya safari, na wamama wote nyuma yake wamevaa fulana zilizoandikwa jina langu na taji juu yake.

Ukiwa umeingiza kichwa kwenye ubao huwezi kukimbia. Huwezi hata kugeuka. Unaweza kufumba macho tu, nikafumba.

"Verlyn," akasema.

"Mama."

"Fumbua macho. Mfalme yuko wapi?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Balozi wa Ufaransa, mkutano wa dharura. Nikafungua mdomo, mbegu ya nyanya ikaingia, nikakohoa, na ilipotoka ikatoka na ukweli. Nikasema hakuna mfalme, Mama, hajawahi kuwepo. Ni mimi hapa. Miaka yote sita.

Mama akatazama ubao, akatazama wenzake na zile fulana, na uso wake ukanywea mbele yangu. Hapo nilitamani nyanya mia.

Akafungua mkoba. Akampa Dorinda dola tano.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya wanawake ya kata yetu, misimu minne, kabla sijazaliwa. Ya kwanza ilinipata katikati ya paji la uso.

"Hiyo ni ya uongo," akasema. "Na hii ni ya zile soksi nilizofuma."

Ya pili ikanipata puani. Ya tatu akaishika muda mrefu, anaipimapima. Nikaona mdomo wake unatetemeka na sikujua ni kilio au nini.

"Mama," nikasema, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, "hiyo nyanya unarusha au unapika?"

Mama akacheka hadi akamshika Dorinda bega asianguke. Kisha akarusha. Foleni ikafika hadi kwa wauza mishumaa. Wamama wote thelathini walirusha. Mmoja akaniambia kwamba kwa miaka sita, kila Jumapili baada ya ibada, ameusikiliza ufalme wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Mchungaji alijifanya hana haja. Nikamwambia mahubiri yake yanamlaza hata shetani, kazi haziendi. Akanunua ndoo nzima.

Nyanya ziliisha saa saba mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bi Haskett alikuja kuona kuna nini. Tunley akaja na joho, ameliweka tayari mkononi, akakuta Mama ananifuta masikio kwa leso yake kama nina miaka minne. Mama akamtazama kutoka taji hadi viatu. Akaniambia kwa sauti ambayo Tunley aliisikia kabisa, "Huyo kazi yake ni kusimama tu? Wewe angalau unajituma."

Alipopanda basi akasema nimerithi mdomo wa baba yangu na kwamba nisimdanganye tena maisha yangu yote. Nikaapa. Nilikuwa naapa kwa moyo kabisa. Machozi yalinitoka, na safari hii hapakuwa na vumbi.

Jumatatu, 23 Septemba

Sijalala vizuri hivi kwa miaka. Uso umevimba, moyo mweupe. Nimeamua: ukweli mtupu kuanzia leo.

Mama amepiga simu saa nne kutoka njiani. Basi zima lilikuwa linasikiliza. Akasema wenzake wana swali moja dogo: hii kazi ya nyanya ina cheo chochote, au mtu anaingia tu?

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa kweli, sekunde tatu nzima. Nilisikia wamama thelathini wanapumua.

Nikasema wapo watu wa nyanya kumi na mmoja katika jimbo hili, na wote wako chini yangu.

Basi likapiga makofi. Mama akauliza kama huwa tunakutana. Nikasema kila Oktoba, hapa hapa. Akawauliza wenzake kama wana nafasi Oktoba. Wana nafasi.

Dorinda anasema ana binamu wawili hawana kazi. Bado tisa.