Stesheni ya Malampaka Juu ya Meza ya Chakula

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baba ameanza tena. Anataka kupelekwa Malampaka akaione stesheni kabla hajafa. Kasema hivyo huku anakunywa uji, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Miaka ishirini na sita alikuwa pale akizigeuzia treni njia kwa mkono wa chuma. Alipostaafu wakahamia kwangu hapa Bariadi, yeye na Mama. Sasa miguu imevimba, pumzi ni za kuvuta kwa shida. Daktari alituita pembeni mimi na mke wangu Joyness. Akatuambia kama kuna mahali mzee anataka kufika, tumpeleke mapema.

Ningempeleka! Lakini Bundala kaniwahi. Bundala ni mume wa dada yangu Violeth, anauza samaki Lamadi, ana gari, Probox. Keshaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Jumamosi anampeleka baba mkwe Malampaka. Watu thelathini na mmoja wamemwombea baraka. Mwezi uliopita alileta sato mmoja tu, ukoo mzima ukamwita mkwe wa mfano. Mimi ninayemwogesha mzee kila siku sijapata hata kidole gumba kimoja!

Haiwezekani. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata! Mzee haendi stesheni. Stesheni inakuja kwa mzee.

Mimi ni fundi redio. Mota za DVD mbovu ninazo ndoo nzima. Na nimeona video za Wazungu wanaojenga reli ndogo sebuleni kwao, yenye milima na madaraja. Mzungu aweze, mimi nishindwe? Nimetwaa meza ya chakula nikapigilia plaiwudi juu. Reli ni spoku za baiskeli. Mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, ni njiti za kiberiti, mia nne na themanini, nimezikata vichwa moja moja. Mita moja ya Malampaka kwangu ni milimita kumi na mbili. Joyness kauliza tutakula wapi. Nimemwambia kazi kubwa haiulizi mambo ya kula. Tumekula jikoni, sahani magotini.

Bundala nimempigia. Nimemwambia daktari amekataza safari kabisa, gari likitikisika mzee anaweza kutufia njiani. Nikaongeza kwamba hata kimila haipendezi mkwe kumbeba baba mkwe mikononi kama mzigo wa dagaa. Mkwe wa Kisukuma ukishamtajia heshima ya ukweni, kwisha habari yake. Akasema basi, atasubiri daktari aruhusu. Kakubali kirahisi mno, hata nikamwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Kokoto za relini zimenitoa jasho. Mchanga ni mdogo mno, kokoto za ujenzi ni kubwa mno. Ulezi! Punje zake, rangi yake, sawasawa kabisa! Nimekoroga uji mzito wa ngano uwe gundi, nikamwaga ulezi kilo mbili katikati ya mataruma. Joyness amelalamika kwamba ulikuwa wa uji wa mzee. Nimemwambia mzee atashiba kwa macho.

Mchana nikatoka kutafuta dodoki la kutengenezea miti. Kurudi, kuku watano mezani! Wamedonoa njia nzima, kuanzia daraja mpaka stesheni. Jogoo kasimama juu ya paa, na pale abiria wanaposubiri treni kaacha kinyesi. Nilipiga kelele mpaka mzee akauliza kutoka chumbani kama kumetokea ajali. Nikamjibu ndiyo, ila hakuna majeruhi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 7 Juni

Nilisahau kumwambia mzee kwamba safari haipo. Au sikusahau. Ameamka alfajiri, kavaa shati jeupe na kofia yake ya reli, Mama kampaka mafuta usoni, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri. Nikamwambia gari la Bundala limeharibika. Akasema sawa. Kofia hakuivua mpaka adhuhuri. Imeniuma. Imeniuma sana, nikaenda kubandika madirisha ya stesheni.

Baadaye nikamuuliza anataka kuona nini hasa, nisije nikasahau kitu mezani. Akaniambia. Nyuma ya nyumba za reli kuna kaburi la mwanawe Kija, aliyekufa kwa surua akiwa na miezi tisa, kabla sijazaliwa mimi. Siku waliyohama lori liliwaharakisha, hawakumuaga. Anataka asimame pale mara moja tu amwambie kwamba naye yuko njiani.

Kumbe mimi si wa kwanza. Miaka arobaini na nne natamba, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha! Nimekaa chooni muda mrefu.

Halafu nikapata wazo. Kaburi la mtoto halichukui nafasi. Sentimita moja tu.

Jumanne, 10 Juni

Nafasi imekuwa tatizo. Nyuma ya nyumba za reli ndipo meza inapoishia. Kaburi nimelipeleka ng'ambo ya reli, karibu na ghala la pamba, na kwenye picha linaonekana vizuri zaidi. Msalaba ni njiti mbili. Nimetia pamba halisi mlangoni mwa ghala. Inapendeza mno!

Mzee leo kala vijiko viwili. Joyness kanijia juu, nimpigie Bundala sasa hivi nimwambie ukweli. Nimemjibu treni bado haijatembea.

Alhamisi, 12 Juni

Uzinduzi! Tumembeba mzee na kiti chake mpaka sebuleni. Nimewasha simu irekodi, nimewasha mota. Treni ikaenda nusu mzunguko, ikakwama kwenye kona, nikaisukuma kwa kidole.

Mzee aliifuata treni kwa macho. Akasema mkono wa ishara ya kusimamisha treni nimeuweka upande usio wake. Halafu akainama, akaangalia nyuma ya nyumba za reli, akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwonyesha kule ng'ambo. Akasema nimemhamisha mwanawe. Hakugomba. Akauliza gari la Bundala limeshapona? Nikasema bado. Mama akatoka nje.

Video nimeikata mwisho, nimeirusha kwenye kundi. Vidole gumba thelathini na nane! Bundala mwenyewe kaandika hongera shemeji, mzee amefurahi. Nimemshinda! Sijui kwa nini chakula hakikupita. Uchovu, nadhani.

Makosa nimeyaandika: ishara, kaburi. Meza lazima iongezwe.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilikwenda kwa seremala kuchukua ubao wa kuongezea meza. Hakuwa amemaliza. Nikasubiri, nikamwelekeza namna ya kukata pembe, tukabishana. Nimerudi saa tano nikakuta wanawake wamekaa chini uani. Joyness alinipokea ubao.

Baba amefariki saa nne. Mwishoni alimuuliza Mama kama gari limekuja. Mama akamwambia ndiyo, limekuja, liko nje.

Baba yangu. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 18 Juni

Tulizika Jumatatu. Bundala alilia kuliko mimi, na watu waliona. Jana daktari alikuja kutuhani, akamuuliza Bundala mbele yangu ilikuwaje mzee hakupelekwa kule alikokutaka, wakati yeye daktari alishatuambia tumuwahishe. Bundala akanitazama. Nilitamani anipige, tuishie hapo. Akachukua birika akaenda kuwamiminia wageni chai. Nilikosa pa kuficha uso.

Leo Mama kaniambia anakwenda Malampaka. Anasema mtoto haachwi bila kuambiwa kwamba baba yake amefariki, hata kama mtoto mwenyewe yuko kaburini. Magoti yake hayamruhusu kungoja sana. Bundala ameshajaza mafuta, wanaondoka Jumamosi alfajiri.

Bundala! Tena Bundala!

Nimemsihi Mama anipe wiki moja tu. Ubao nimeshaugongelea, meza sasa inatosha, Kija namrudisha nyuma ya nyumba za reli, pale pale pake, na taarifa ya msiba atapewa hapa hapa sebuleni bila mtu kupigwa vumbi la barabarani. Mama anapanga nguo zake kwenye mfuko.

Bundala hapokei simu zangu. Nimemtumia ujumbe kwamba daktari amemkataza Mama kusafiri.