Malalamiko Dhidi ya Silabi "Ki" Katika Bei ya Hisa za Magodoro

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Biashara,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa chini ya paa lisilovuja. Mimi ni kinyozi. Gazeti lenu husomwa na wateja wangu wakisubiri zamu, kisha tunafutia vioo. Ningejua, ningeanza na vioo.

Malalamiko yangu dhidi ya mchambuzi wenu wa hisa ni haya:

1. Bwana huyo aliandika kwamba hisa ya kiwanda cha magodoro inauzwa mara nne tu ya faida yake ya mwaka, ilhali viwanda vingine kama hicho huuzwa mara kumi na mbili, kwa hiyo ni rahisi mno. Wakati huo mke wangu alikuwa amenikabidhi pesa za kuezekea nyumba ya mama yake. Mara nne! Nilinunua hisa kwa pesa zote, mabati nikayaacha dukani.

2. Aliandika pia kwamba mnunuzi atarudisha pesa zake kwa miaka minne, "faida ikibaki kama ilivyo". Litazame vizuri neno hilo "ikibaki". Katikati yake amejificha mdudu anaitwa "ki". Mimi nilisoma "inabaki", kama ambavyo mtu yeyote mwenye imani angesoma. Kumbe faida yenyewe ilitokana na kiwanda kuuza ghala lake la zamani, na ghala haliuzwi mara mbili. Waliojua walikuwa wanaziuza hisa zao kwa bei ya kutupa. Mchambuzi wenu naye alijua, ila badala ya kusema, alichomeka "ki" akaenda zake kunywa chai. Huo ndio usomi!

3. Mama mkwe sasa analala sebuleni kwetu. Aliomba aelezwe huo uwiano wa bei na faida, nikamweleza kwa adabu zote. Akanipima nao mimi mwenyewe: bei ni miaka aliyonivumilia, faida haipo, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Iliniuma sana.

4. Kwa hiyo nadai "ki" ichapishwe kwa wino mwekundu, ukubwa wa kichwa cha habari. Ikishindikana, wakuu wa lugha waiondoe kabisa katika Kiswahili. Mchambuzi alipwe mshahara "pesa zikipatikana", na mvua ikinyesha apande juu ya nyumba ya mama mkwe akashike turubai. Natambua nimeitumia "ki" humu mara kadhaa. Za kwangu ni za uaminifu.

Wasalimie wachapaji, wasahihishaji, mlinzi wa getini na anayewapikia chai. Mchambuzi usimsalimie.

Wako katika hasara,
Kinyozi, kiti cha karibu na mlango

Nyongeza: Tafadhali msiichapishe barua hii kabla ya Ijumaa. Bei imeshuka nusu, na jedwali lenu la leo linasema hisa ile sasa ni mara mbili tu ya faida. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameliona akiwa kitini kwangu na povu shavuni, na anazitaka zangu zote, kwa bei ya kindugu iliyo juu kidogo ya ile ya sokoni. Jedwali hilo msiliguse, ni zuri sana. Nimemwambia pesa zake zitarudi kwa miaka miwili, faida ikibaki kama ilivyo. Ile "ki" nimeitamka, ila mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.