Mpira Mmoja na Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Juni
Neema imenishukia! Naibu Mkurugenzi anastaafu, kiti kinabaki kitupu. Na Jumamosi kuna mashindano ya gofu ya kampuni. Nani asiyejua kwamba gofu ndiyo roho ya Mkurugenzi? Bi Mhasibu, anayekitamani kiti hicho kama mimi bila aibu yangu, alisema kikaoni kwamba hajacheza siku nyingi. Mimi nikasema nimecheza tangu utotoni. Sijawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini mtu aliyeuza magodoro miaka yote hii atashindwa na kimpira? Mke wangu kauliza ni nani aliyevunja dirisha la jirani akipigilia msumari. Uchokozi mtupu.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Wakala wa bima, anacheza gofu kila wikendi. Kaniita “mwanafunzi” mbele ya wanawe! Nimemeza. Mwenye shida hachagui mwalimu. Kaeleza: unahesabu kila pigo mpaka mpira uingie shimoni, mashimo kumi na manane, mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Nikanywea. Kisha akaongeza kwamba asiyejua hupewa handikapu, yaani mwishoni hupunguziwa mapigo. Kadiri unavyoboronga ndivyo unavyopunguziwa. Nikaruka kitini! Mchezo unaotuza uzembe! Ndiyo maana wakubwa wanaupenda.

Jumatano, 5 Juni
Nimeomba ruhusa kazini (jino). Nikaenda kiwanjani na shemeji kupimiwa handikapu. Mpango: kuboronga makusudi. Makusudi hayakuhitajika. Pigo la kwanza likakata nyasi. La pili likakata hewa. La tatu sijui lilikata nini, ila shemeji alijitupa chini. Nimepewa punguzo kubwa kuliko yote yanayoruhusiwa. Karani wa klabu akanipa pole. Nikamshukuru kwa pongezi zake.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Bi Mhasibu kamshawishi Mkurugenzi kwamba tucheze kwa pointi: kila shimo pointi zake, mwenye nyingi ashinde, na punguzo lifutwe. Ati haki kwa wote. Nyoka! Mateso yangu yote ya jana, bure.

Mbio kwa shemeji. Kaniambia kuna namna nyingine: watu wawili, mpira mmoja, wanapokezana kuupiga. Akaendelea kueleza lakini nilishasikia ya kutosha. Nikiwa na Mkurugenzi, nusu ya mapigo ni yake! Nikapanda ofisini kwake. Nikamwambia, “Mkuu, kampuni ni mwili mmoja. Kwa nini tusicheze wawiliwawili, mpira mmoja, tukipokezana?” Machozi yalimlenga. Kakubali, na atacheza na mimi! Bi Mhasibu kapangiwa mke wa Mkurugenzi, mama wa watu anayelalamikia mgongo tangu nimfahamu. Maskini. Usiku huu nimechagua rangi ya mapazia ya ofisi yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Mkurugenzi kafungua. Mpira ukaenda umenyooka kama rula. Zamu yangu: bwawani. Kumbe mwenzako hupiga pale pale ulipoutupa! Shemeji anaapa alinieleza. Mkurugenzi akakunja suruali, akaingia kwenye tope, akauchomoa vizuri ajabu. Nikaurudisha bwawani.

“Unafanya makusudi?” aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikasema hapana, Mkuu, kwa makusudi nisingeweza.

Baada ya hapo, kichakani. Kisha mchangani. Kisha juu ya bati la jiko la klabu, naye akaomba ngazi. Kiatu kimoja kilibaki bwawani. Kufikia katikati alikuwa hasemi tena nami, anasema na mpira. Wakati huo Bi Mhasibu na mke wa Mkurugenzi wanapita wakicheka kama wasichana, kila mmoja akimwachia mwenzake mpira mahali pazuri. Kikombe wamechukua wao. Mkurugenzi akikamua soksi, mkewe alimnong'oneza kitu huku akimtazama Bi Mhasibu. Nilitumaini ni habari za chakula.

Jumatatu, 10 Juni
Haikuwa chakula. Bi Mhasibu ndiye Naibu. Mimi nimehamishiwa ghala la magodoro yaliyorudishwa na wateja. Kazi yangu ni kuyalalia na kusema yana kasoro gani. Yote yana kasoro.

Mchana Bi Mhasibu kaja kunijulia hali. Mpole! Inauma zaidi. Kasema laiti ningekiri kwamba sijui kucheza, Mkurugenzi angenifundisha mwenyewe, hakuna anachopenda kama kufundisha, hata yeye alifundishwa naye. Upuuzi wa washindi. Lakini akiwa mlangoni kadokeza kwamba anaanzisha kwaya ya kampuni, na anatafuta kiongozi wa sauti ya nne. Nikamwambia asihangaike, ukoo wetu wote ni waimbaji, na mimi ndiye niliyewarithi. Mazoezi ni kesho, mbele ya bodi nzima.

Mke wangu kauliza tangu lini naimba.

Tangu leo mchana, nimemjibu.